Sauti Inayokwenda na Sauti Inayorudi: Adabu ya Mikutano Majanji

Majanji ni mwalo wa wavuvi kwenye ukingo wa Ziwa Viktoria, Wilaya ya Busia, Uganda, jirani kabisa na Kenya. Jua likishapanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, na upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kuja ufukweni. Anayeandaa mkutano pale hana budi kulijua hilo kabla ya kupanga kiti hata kimoja. Mara nyingi meza kuu huelekezwa ziwani, kwa kuwa wageni hupenda kutazama maji, na watu huketishwa kati ya wageni na ziwa. Matokeo yake kila neno la msemaji linapambana na upepo. Sauti inayokwenda dhidi ya upepo hupinda kuelekea juu na kuwapita watu vichwani. Hata penye utulivu, kila umbali ukiongezeka mara mbili sauti hupungua kwa desibeli 6. Waliokaa nyuma, ambao mara nyingi ni akina mama waliochelewa kwa sababu walikuwa wanaanika mukene, yaani dagaa, hawapati kitu. Geuza meza. Wageni walipe ziwa mgongo, watu watazame maji, na upepo ubebe maneno hadi kwa yule wa mwisho. Hakuna shilingi inayotoka.

Msemaji asiyesikika hajamheshimu mtu, hata angeanza kwa salamu tamu namna gani. Lakini kusikika kwa msemaji ni nusu tu ya kazi. Mkutano una safari mbili: maneno yanatoka meza kuu kwenda kwa watu, kisha maneno ya watu yanarudi meza kuu. Mafunzo mengi ya kuhutubia hushughulikia safari ya kwanza tu: simama wima, watazame watu, panga hoja, maliza kwa wakati. Ni mambo mazuri. Ila huku mpakani, kwa jinsi nilivyoiona kazi ya kuendesha mikutano na kufundisha wakalimani, heshima huvunjwa zaidi katika safari ya pili, na wanaoivunja wengi wao hawajui kama wameivunja.

Na mikutano haikosekani. Upande wa Uganda kuna baraza la kijiji, LC1, ambalo kwa Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 wajumbe wake ni wakazi wote wa kijiji waliotimiza miaka 18. Kuna mikutano ya Baraza iliyoanzishwa mwaka 2009 chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, ambamo maofisa husimama mbele ya wananchi wa gombolola (kaunti ndogo) kueleza kilichopangwa, fedha zilizoingia na zilivyotumika. Upande wa Kenya kuna baraza la chifu, na tangu Katiba ya 2010 kuna vikao vya kupokea maoni ya umma ambavyo serikali za kaunti haziwezi kuvikwepa. Ongeza kampeni, mikutano ya wavuvi, ya afya, ya wazazi shuleni, harambee, na mazishi, ambayo pengine ndiyo jukwaa kubwa kuliko yote.

Tuanze na saa. Ofisa wa wilaya akipanga mkutano wa wavuvi saa tatu asubuhi, anapanga kwa saa ya ofisi yake. Saa tatu mitumbwi ndiyo imerudi, samaki wanapimwa, wachuuzi wanapatana bei, na mukene wanatandazwa juani. Wavuvi wa mukene hufanya kazi usiku kwa taa, kwa hiyo asubuhi hiyo wengine ndio wanaingia kulala. Lakini taa hazivutii mukene vizuri mbalamwezi inapong'aa, na usiku wa mwezi mpevu wengi hupumzika. Siku hizo ndizo za mkutano, alasiri, samaki wakishauzwa. Ofisa anayemwuliza mwenyekiti wa mwalo swali hilo moja kabla ya kupanga tarehe amekwisha kuonyesha adabu kuliko yule atakayefika na hotuba iliyochapwa vizuri.

Kuchelewa ni jambo jingine. Watu wameitwa saa nane, mgeni rasmi anafika saa kumi na moja, na hasemi neno la kuomba radhi. Wapo wanaoamini kwamba mkubwa husubiriwa. Mimi naona kwamba mvuvi aliyekaa saa tatu juani amekwisha kulipa kiingilio kikubwa, na neno la kwanza la aliyechelewa linapaswa kuwa la radhi, lenye sababu ya kweli, tena fupi. Mwenyekiti naye ana wajibu wake: mkutano uanze kwa saa iliyotangazwa, kwa mambo yasiyomhitaji mgeni. Kumbukumbu zisomwe, maswali ya kijiji yajadiliwe. Mgeni akifika akute watu wakiendelea na kazi yao.

Halafu zinakuja salamu za viongozi, na hapa ndipo muda wa wananchi unapoliwa bila huruma. Mshereheshaji anamwita mwenyekiti wa LC1 asalimie watu, kisha wa LC2, kisha wa LC3, kisha diwani, kisha mwakilishi wa vijana, wa wanawake, wa wazee, wa dini, mpaka ngazi ya wilaya. Kila mmoja anaambiwa asalimie tu. Kila mmoja anaanza kwa kutaja majina yote yaliyokwisha kutajwa, anasema itifaki imezingatiwa baada ya kuwa ameizingatia kwa dakika tano, kisha anahutubia. Mtu aliyekuja kujua zahanati itapata dawa lini anakaa hadi jua linazama.

Dawa yake inajulikana. Mshereheshaji awataje viongozi, kila anayetajwa asimame, apunge mkono, aketi. Wakubwa wataudhika? Tarehe 12 Septemba 2021, mwendo wa saa chache tu kutoka mpaka huu, kanisa la Anglikana la Butere lilikuwa linamsimika Rose Okeno kuwa askofu. Raila Odinga na Musalia Mudavadi walikuwapo, na uchaguzi wa Kenya ulikuwa chini ya mwaka mmoja mbele. Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwatambua wanasiasa waliohudhuria, lakini hakuwapa nafasi ya kuhutubia ibadani. Ibada ikaendelea. Kama liliwezekana mbele ya waliokuwa wakiutafuta urais, kwenye mkutano wa kisima haliwezi kushindikana.

Jambo hilohilo lahusu mazishi. Busia na Tororo mtu huzikwa mbele ya umati, na umati humvuta kila anayetafuta kura. Familia ina haki ya kuamua, siku moja kabla, nani atasema na kwa dakika ngapi, na kumkabidhi mshereheshaji orodha iliyoandikwa. Mshereheshaji akiwa na karatasi mkononi anaweza kumwambia mheshimiwa kwa upole, "Mheshimiwa, familia imeniomba nifuate hii." Asipokuwa nayo anabaki na nguvu zake mwenyewe, ambazo mbele ya msafara wa magari ni chache. Nawasihi wanaosema makaburini wamzungumzie marehemu na waliofiwa. Mjane amekaa pale. Hakuja kusikia habari za kugawanywa kwa majimbo.

Sasa lugha. Majanji ni nchi ya Wasamia, na Wasamia wako pande zote mbili za mpaka. Familia ya Awori inatosha kuonyesha hivyo: Moody Awori alikuwa mbunge wa Funyula na Makamu wa Rais wa Kenya, na mdogo wake Aggrey Awori akawa mbunge wa Samia-Bugwe Kaskazini nchini Uganda, akagombea urais mwaka 2001, kisha akawa waziri. Waliozaliwa na mama mmoja wametumikia serikali mbili. Kwa hiyo msemaji anayechekesha watu kwa kuwadhihaki walio ng'ambo ya mpaka aelewe kwamba anawadhihaki shemeji na wajomba wa hadhira yake, na baadhi yao wamekaa palepale mbele yake.

Pamoja na Wasamia wapo Wagwe, wapo Wateso ambao nao wamegawanywa na mpaka, na ukipanda kuelekea Tororo unawakuta Wajopadhola. Mwaloni utasikia pia Kiganda, Kisoga na Kijaluo. Kiingereza ndicho kinachoandikwa kwenye ripoti. Kiswahili ndicho kinachotumika sokoni na barabarani, na Uganda ilikipa hadhi ya lugha rasmi ya pili kwa marekebisho ya katiba ya mwaka 2005. Kwenye sherehe za serikali Wimbo wa Jumuiya ya Afrika Mashariki huimbwa kwa Kiswahili, halafu kila mtu anarudi kwenye Kiingereza na wakalimani.

Msemaji anayechagua Kiswahili upande wa Uganda amechagua vizuri, ila ajue kilichotangulia. Kwa wazee wengi wa nchi hiyo Kiswahili kilisikika kwanza kutoka kwa askari, kambini na kwenye vizuizi vya barabarani. Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, alikiongezea uzito wa amri. Kwa hiyo sauti ni muhimu sana. "Kaeni chini!" na "Nyamazeni!" humrudisha mzee wa miaka 70 mahali asipopataka. "Naomba tuketi, wazee wetu" na "Tafadhalini tusikilizane" humweka kwenye Kiswahili cha majirani zake wa Funyula na Sio Port, lugha ya kuoleana na kuuziana. Mkenya na Mtanzania wanaokuja kufanya kazi Busia wakumbuke hili zaidi kuliko mtu mwingine, kwa sababu wao wamekulia Kiswahili kisicho na kumbukumbu hiyo.

Kwa wito, tumia heshima za mahali. "Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu vijana" haijawahi kumkosesha mtu kitu. "Nyinyi watu wa mwaloni" imewakosesha wengi. Na ukitaja samaki, taja kwa jina wanalolitumia waliokaa mbele yako. Mtu wa Mwanza akisema dagaa, hapa aongeze mukene kwa Waganda na omena kwa Wakenya, basi, aendelee na hoja.

Mahali pagumu zaidi ni kwa mkalimani, na hapo nitakaa.

Hali ya kawaida ni hii. Mgeni anatoka Kampala au Nairobi, anashika kipaza sauti, kisha anauliza, "Nani atanitafsiria?" Anasimamishwa mwalimu au mchungaji aliye karibu. Hajaiona hotuba. Hajui kama itahusu ugonjwa wa kipindupindu au mkopo wa vijana. Mgeni anaanza, anasahau kusimama, anakwenda dakika mbili bila pumzi. Mkalimani anasema maneno matano. Watu wanacheka. Mgeni anacheka nao, akidhani mzaha wake umefika.

Kumpa mtu kazi hiyo ghafla ni kumdhalilisha yeye na kuwadhalilisha wanaomtegemea. Mkalimani atafutwe mapema, alipwe kama mwenye mitambo ya sauti anavyolipwa, na akae na msemaji walau robo saa. Katika robo saa hiyo apewe kwa maandishi mambo matatu: majina, tarakimu, na maneno ya kitaalamu. Wakubaliane pia juu ya kipimo cha kusema. Mimi hupendekeza wazo moja zima, sentensi mbili au tatu, kisha kimya. Kukata sentensi katikati kunamtesa mkalimani, kwa sababu mpangilio wa maneno ya Kiingereza na wa Kisamia haufanani, na mara nyingi neno analolihitaji ili aanze halijasemwa. Kwenda aya nzima kunamlazimisha kufupisha.

Msemaji awatazame watu, si mkalimani. Ahesabu muda kwa ukweli: hotuba ya dakika 20 yenye mkalimani mmoja ni dakika 40, na yenye wakalimani wawili ni saa nzima. Anayetaka kumaliza kwa dakika 30 na lugha tatu aandike hotuba ya dakika 10. Wachache hufanya hesabu hii nyumbani, na gharama yake inalipwa na wanaokaa chini ya jua.

Mkalimani naye ana adabu zake. Aseme kwa nafsi ya kwanza: msemaji akisema "nilikosea", mkalimani aseme "nilikosea", wala si "mheshimiwa anasema eti alikosea". Asiongeze mahubiri yake. Asilainishe neno kali wala kukoleza neno laini. Mchungaji anayekalimani kwa mazoea huinua sauti hadi watu wakaitikia amina kwenye tangazo la kodi ya vyombo vya majini. Ni mazoea ya mimbari, na ni vema aambiwe kwa upole kabla ya kuanza. Asipoelewa, aulize mbele ya watu. Hakuna aibu ndani yake. Aibu ni kubuni.

Mpakani kuna jambo ambalo vitabu vya mbali havilijui: nusu ya hadhira inaelewa lugha zote mbili. Wanasikia asili, wanasikia tafsiri, na wanashika kila kosa. Mara moja zinapigwa kelele kutoka pande nne, "Hakusema hivyo!" Hadhira hiyo ni hazina kubwa kwa mkutano ikitumiwa vizuri. Mwenyekiti atangaze mwanzoni kwamba anayesikia tafsiri imepotoka anyooshe mkono, aseme neno moja sahihi, na mkalimani alipokee aendelee. Nimeona utaratibu huo ukituliza mkutano uliokuwa karibu kuvunjika, kwa sababu waliokuwa wakizomea walipewa kazi ya kufanya.

Tororo ina uzito wa ziada. Kwa miaka mingi Wateso na Wajopadhola wa huko wamekuwa na mvutano juu ya mipaka ya utawala na nani ana haki na mji. Ukitafsiri kwanza kwa Kiteso, kuna atakayekasirika. Ukianza na Dhopadhola, vilevile. Usijifanye hujui. Tangaza kabla kwamba lugha hii itaanza kwenye hotuba na ile itaanza kwenye maswali, na ufuate ulichotangaza.

Tarakimu zina matatizo yake. Ofisa wa uvuvi anasimama na kusema kwamba sheria ya Uganda hairuhusu sangara chini ya inchi 20 wala ngege chini ya inchi 11. Zikipita kwa mkalimani, tarakimu zinabadilishana mahali, au inchi zinakuwa sentimita. Lakini ofisa akija na kijiti kilichokatwa inchi 20 na kingine cha inchi 11, akavinyanyua juu, kisha akaviacha vipite mkono kwa mkono hadi mwisho wa mkeka, hakuna atakayebishana baadaye kuhusu alichosikia. Watu watavilaza kwenye viganja, watapima kwa shibiri zao, wataanza kujadiliana wao kwa wao. Ofisa anyamaze wakati huo. Minong'ono hiyo ndiyo hotuba inayoingia.

Kuna kosa ambalo wasemaji wema hulifanya kwa nia njema: kuanza moja kwa moja na ujumbe wao mahali penye jeraha. Uganda ilianzisha kamati za usimamizi wa mialo, BMU, mwaka 2003. Rais akazisimamisha mwaka 2015. Na mwaka 2017 kikosi cha jeshi la UPDF kikaanza kukabili uvuvi haramu ziwani. Mitumbwi na nyavu zilichomwa katika mialo mingi. Mtu akifika leo na mada ya jaketi za kuelea majini, mada njema kabisa inayookoa uhai, mbele yake wamekaa watu ambao kila aliyewahi kuja na gari la serikali alikuja kuchukua kitu. Atangulize maneno machache ya kukiri hilo: anatoka ofisi gani, hakuja kukamata, na nani atapokea malalamiko yao. Asipofanya hivyo watu watamsikiliza kwa heshima, watapiga makofi, na jaketi zitabaki dukani.

Tuje kwenye safari ya pili.

Wakati wa maswali umefika. Zimebaki dakika 15, mgeni anatazama saa. Mama mmoja anasimama nyuma na kusema kwa Kisamia kwa dakika tatu. Anaeleza kwamba kisima kilichochimbwa kiliharibika, kwamba fundi aliletwa akachukua fedha za kijiji, kwamba alikwenda ofisi ya gombolola akaambiwa arudi, na kwamba mwanawe aliumwa kwa maji ya ziwa. Mkalimani anageukia meza kuu na kusema kwa Kiingereza, "Anauliza kuhusu maji." Mgeni anajibu kuhusu maji: serikali ina mpango, wananchi wawe na subira. Mama anaketi. Kwenye ripoti inaandikwa kwamba wananchi waliuliza kuhusu maji na wakajibiwa.

Hili silichukulii kama kosa dogo la ufundi. Tuhuma ya fedha imepotea, jina la ofisi limepotea, mtoto mgonjwa amepotea. Mkalimani huyohuyo alihangaika kutafsiri kila neno la mgeni, hata mzaha wake. Kilichofupishwa ni maneno ya aliyelipa kodi. Pengine alifupisha kwa sababu ya haraka, pengine kwa kumwogopa ofisa anayetajwa, maana mkalimani ataendelea kuishi palepale mgeni akishaondoka. Kwa hiyo ulinzi wa maneno hayo usiachwe mikononi mwake. Msemaji mwenyewe ndiye anayepaswa kusema, "Naona amezungumza kirefu. Naomba nipewe yote aliyosema." Sentensi hiyo moja, ikitoka kinywani mwa mkubwa, inamwondolea mkalimani hofu na kumrudishia mama maneno yake. Kisha mama aulizwe kama ndivyo alivyosema. Wasikilizaji wanaojua lugha zote mbili wapo, watathibitisha.

Nani anaanza kuuliza nalo lina maana. Mwaka 2018 Alecia Carter na wenzake walichapisha katika jarida la PLOS ONE utafiti wa semina za vyuo katika nchi 10. Waliona kwamba wanawake waliuliza maswali machache kuliko wanaume, na kwamba mwanaume akitangulia kuuliza, pengo hilo lilikuwa kubwa zaidi. Semina si mwalo, lakini waliowahi kukaa mikutanoni kwetu hawatashangaa. Wanaume wamekaa kwenye viti mbele, wanawake kwenye mikeka pembeni, na kipaza sauti hakifiki kwenye mkeka. Mwenyekiti akipeleke kwanza kule. Asiseme kwamba sasa ni zamu ya akina mama kana kwamba anawafadhili. Apeleke tu, amkabidhi wa kwanza anayenyoosha mkono.

Na mwenyekiti wa LC1 ana sababu ya pekee ya kuwa mwadilifu katika kugawa nafasi. Uchaguzi wa LC1 wa Julai 2018 ulifanywa kwa watu kupanga mstari nyuma ya mgombea. Mwenyekiti alimwona kwa macho yake kila asiyesimama nyuma yake. Anapowaruka watu hao mikono ikiwa juu, kijiji kizima kinajua kwa nini. Awape nafasi mapema, tena kwa majina yao ya heshima.

Hadhira nayo ina madeni yake. Swali liwe swali. Mtu mwenye hotuba aiombee muda, asiipitishe chini ya kivuli cha swali. Aseme yeye ni nani na anakaa wapi, ataje jambo lake, aulize, aketi. Anayetaka kupinga apinge kauli, asiguse kabila la msemaji, umbo lake wala ndoa yake. Kuzomea kunampa msemaji mwoga njia ya kutoroka swali. Nimewaona wengine wakishukuru kimoyomoyo fujo zilipoanza, kwa kuwa mkutano ulifungwa kabla hawajajibu. Simu zizimwe sauti. Anayerekodi arekodi swali pamoja na jibu, maana kipande cha sekunde 20 kinachosambazwa usiku huo kinaweza kumfanya mtu mkweli aonekane mwongo. Na kama umekuja kwa ajili ya nauli na soda, waandaaji watangaze mwanzoni kama vipo au havipo, watu wachague kukaa au kwenda. Kuwaweka watu hadi jioni kwa tumaini la bahasha isiyokuwapo ni ulaghai.

Kuondoka katikati kunaruhusiwa. Mvuvi ana mtego, mama ana jiko. Pita pembeni, usikatize mbele ya anayesema, na msemaji asikushambulie kwa kipaza sauti. Watu wakianza kuondoka kwa makundi, hiyo ni taarifa kwa msemaji, aipokee na afupishe.

Mwisho wa mkutano huwa ni neno la shukrani, na anayelitoa hulifanya hotuba ya nane. Ningependa dakika hizo zitumike kwa jambo jingine. Kila kamati ya LC1 ina katibu. Asimame, asome kwa lugha ya kijiji, si kwa Kiingereza, kila swali lililoulizwa, jina la ofisi iliyoahidi, na tarehe iliyotajwa. "Mama wa nyumba za juu aliuliza kuhusu kisima na fedha za fundi. Ofisi ya maji ya wilaya imesema italeta jibu kabla ya mwisho wa mwezi huu." Mgeni akiwa bado amekaa pale, aulizwe kama ndivyo alivyoahidi. Akitaka kurekebisha, arekebishe mbele ya watu. Karatasi isainiwe na mwenyekiti, nakala moja ibaki kijijini, na mkutano unaofuata, kabla ya salamu za kiongozi yeyote, uanze kwa kuisoma.